Dau limetulia, nyota zinatembea: mwongozo kamili wa kurundika picha za usiku ili chenga ziishe

Miezi hii nimeletewa picha nyingi sana za usiku za ufuo wa Shela hapa Lamu na karibu zote zina kosa lilelile. Mtu amekesha pwani, kapiga fremu ishirini, kazitia zote kwenye programu ya kurundika, yaani ya kulaza fremu nyingi juu ya moja zitoke picha moja, alafu katoka na moja kati ya mambo mawili. Ama nyota ni safi kabisa lakini dau limekuwa kama madau matatu yaliyopandana, ama dau liko safi na nyota zimekuwa vimstari. Wengi wananiuliza wanunue kamera gani. Usinunue kitu. Kamera uliyonayo inatosha, tatizo ni kwamba anga linatembea na nchi imetulia na wewe umezilazimisha zote mbili zikae rundo moja.

Kwahiyo shika hili moja kabla hujasoma mbele: anga linarundikwa kwa kufuata nyota, nchi inarundikwa bila kuguswa, alafu hizo mbili ndo zinaunganishwa.

## Kwanini kurundika kunapunguza chenga

Chenga ninazosema ni zile punje za zambarau na kijani unazoona ukiivuta picha ya usiku karibu, hasa sehemu za giza. Nyingi zinakaa ovyo, fremu hii punje iko hapa, fremu ya pili iko pengine, ila nyota na ubao wa dau viko palepale kila mara. Ukichukua wastani wa fremu nyingi, kile kinachobaki palepale kinajikusanya na kile kinachorukaruka kinafutika.

Hesabu yake inafuata kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Fremu 4 zinapunguza chenga hadi nusu, fremu 9 hadi theluthi, 16 hadi robo, 25 hadi moja ya tano. Angalia vile faida inavyopungua, kutoka 16 kwenda 25 umeongeza fremu tisa na umepata kidogo tu. Ndo maana mimi nasimama kwenye 16 mpaka 20, na sababu nyingine ntaitaja kwenye hatua ya tano.

Kuna wanaoniambia wanunue ile mashine ya kufuata nyota, inayozungusha kamera polepole. Kwa huku kwetu siipendekezi kwa anayeanza. Ile mashine inataka uielekeze kwenye ncha ya anga, pale nyota zinapozungukia, na Lamu iko kama digrii 2 tu kusini ya ikweta, kwahiyo nyota ya kaskazini iko chini ya upeo wa macho haionekani, na ncha ya kusini iko digrii 2 juu ya bahari, ndani ya ukungu wa chumvi. Kurundika hakutaki ncha wala nini.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kamera inayokubali kuwekwa kila kitu kwa mkono na kutoa faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazihariri. Ya zamani sawa.
- Lenzi pana, kuanzia milimita 14 hadi 24. Ile ya 18-55 iliyokuja na kamera inafaa, itumie kwenye 18.
- Tripodi imara. Ile ya plastiki nyepesi upepo wa kusi utaitikisa.
- Rimoti au taima ya kupiga mfululizo. Kamera nyingi inayo ndani ya menyu, tafuta kwanza.
- Betri mbili na kadi yenye nafasi ya GB 4 au zaidi.
- Kurunzi yenye mwanga mwekundu.
- Kipulizio cha vumbi, kitambaa cha lenzi, selotepu.
- Vifuu vitatu vya nazi. Matumizi yake yako hatua ya pili.
- Kompyuta yenye Sequator, ni ya bure ila ni ya Windows tu. Wenye Mac au Linux watumie Siril, nayo bure. Starry Landscape Stacker ya Mac ni nzuri lakini ya kulipia.

Wa simu: simu nyingi zenye hali ya usiku zinarundika zenyewe ndani kwa ndani. Google Pixel kwa mfano kwenye hali yake ya nyota inapiga mpaka fremu 15 za sekunde 16 kila moja, yaani dakika 4, na inatenga anga na nchi yenyewe. Iweke kwenye tripodi tu uiache. Mwongozo huu uliobaki ni wa kamera.

## Hatua ya 1: Chagua usiku kwa mwezi na kwa maji

Mwezi kila mtu anaujua, unataka usiku wa mwezi mwandamo, siku tatu kabla au tatu baada, anga liwe jeusi. Kitu ambacho watu wanasahau ni maji, na hapa ndo picha nyingi za madau zinapoharibika.

Mwezi mwandamo ndo siku za bamvu. Maji yanapanda na kushuka kuliko siku zote, karibu mita tatu kwa Lamu. Na siku za bamvu huku pwani yetu maji hujaa kama saa kumi hivi, alasiri na alfajiri, alafu yanakupwa kama saa nne usiku. Huo ndo utaratibu wa jumla, saa kamili soma kwenye jedwali la maji au muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kutazama karatasi.

Sasa weka hilo pamoja na anga. Kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way), ile sehemu nene yenye mawingu ya nyota upande wa Nge, haionekani saa zile zile mwaka mzima.

Julai mpaka Septemba iko juu kuanzia giza linapoingia, upande wa kusini, na inalalia kusini magharibi usiku unavyoenda. Saa nne maji yamekupwa, madau yamelala ubavu kwenye mchanga hayasogei hata kidogo. Hii ndo miezi ya kupiga dau.

Februari na Machi, wakati wa kaskazi, inachomoza baada ya saa sita usiku upande wa kusini mashariki, juu ya bahari, na inakaa vizuri kama saa kumi alfajiri. Saa hiyo bamvu imejaa. Dau lolote la pwani linaelea na linayumba, haliwezi kurundikwa hata ufanye nini. Miezi hiyo chagua kitu cha nchi kavu, vilima vya mchanga vya Shela, ukuta, mbuyu, magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda ikiwa umepata ruhusa ya kukaa usiku.

Mimi hili nililijua kwa kupoteza usiku mzima. Nilianza saa saba na nusu nikiwa na dau zuri lenye jicho la kuchonga kwenye omo, yaani mbele ya dau, nikapiga huku nikitazama juu tu, nilipofika nyumbani nikaona kuanzia fremu ya kumi na mbili omo imeanza kunyanyuka. Maji yalikuwa yamefika chini yake kimyakimya. Fremu kumi na moja za mwanzo ndo zilizofaa.

Aprili hadi Juni usijisumbue sana, mvua na mawingu.

Umefaulu ikiwa: una tarehe, una saa ya maji kukupwa, na unajua anga lako litakuwa upande gani saa hiyo.

## Hatua ya 2: Fika kabla ya magharibi, simamisha tripodi

Fika bado kuna mwanga. Giza letu linaingia haraka, jua likizama baada ya saa moja na kidogo ni usiku kamili, na kutafuta pembe nzuri gizani ni kujichosha.

Nenda wawili, usiende peke yako kwenye vilima, na waambie watu wa pale mtakuwepo. Kama dau lina mwenyewe, na kila dau lina mwenyewe, muombe nahodha. Ni adabu, na pia atakwambia kama anatoka nalo usiku huo.

Tazama kinachotikisika. Makuti ya mnazi yanacheza kwa upepo, ukirundika yanakuwa moshi. Tanga lililofungwa vibaya vilevile. Tafuta kitu kigumu: ubavu wa dau, mlingoti, nanga, mchanga wenyewe.

Mchanga una ujanja wake. Tripodi inazama polepole bila wewe kuona, milimita mbili tu zinatosha kufanya fremu ya kwanza na ya ishirini zisikubaliane. Kwahiyo fukua mchanga wa juu mpaka ufike ule mgumu, weka kifuu cha nazi kimefunikwa kila mguu unaposimama, alafu kandamiza tripodi juu yake kwa uzito wako kabla hujafunga kamera. Usirefushe ule mhimili wa katikati. Na usining'inize begi chini yake kukiwa na upepo, linabembea na kutikisa kila kitu.

Jiweke mbali na dau kiasi kwamba dau na nyota vyote vikae kwenye fokasi. Lenzi ya 14 kwenye f/2.8, kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga), chochote kuanzia kama mita 2.5 kiko sawa. Lenzi ya 18 kwenye f/3.5, kamera ya sensa ndogo, kaa mita 5 au zaidi.

Onyo: ukitoka kwenye chumba cha AC lenzi itafunga ukungu papo hapo. Iache kamera ndani ya begi nusu saa ipate joto la nje. Na chumvi ya kusi inatanda kwenye kioo taratibu, kila nusu saa pulizia mchanga kwanza ndo ufute, ukifuta bila kupuliza unachora kioo.

## Hatua ya 3: Seti kamera

Weka kila kitu kwa mkono, fremu zote ziwe sawasawa, maana programu inalinganisha moja na nyingine.

- Faili: RAW, sio JPEG. JPEG kamera inakuwa imeshapaka chenga kwa njia yake na kufuta nyota ndogo.
- Tundu la lenzi: lote wazi, f/2.8 au f/3.5, au ulichonacho.
- ISO (kiasi cha kamera kuhisi mwanga): 3200 au 6400. Usiogope ISO kubwa, hizo chenga ndo tunakwenda kuziua.
- Rangi ya mwanga: 4000K, isiwe ya kujipangia.
- Kizuia mtikisiko: zima. Kwenye tripodi kinatafuta mtikisiko usiokuwepo na chenyewe kinatikisa.
- Kipunguza chenga cha picha ndefu: ZIMA. Hiki kimewaponza wengi. Kikiwa kimewashwa, kila ukipiga sekunde 13 kamera inakaa sekunde nyingine 13 ikipiga giza kwa ndani, mda unakuwa mara mbili na nyota zinahama sana kati ya fremu.

Mda wa shata, yaani mda kamera inapokea mwanga, unapata kwa kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, na kama sensa ni ndogo zidisha urefu kwa 1.5 kwanza (Canon 1.6). Lenzi ya 18 kwenye sensa ndogo: 18 mara 1.5 ni 27, 500 gawa kwa 27 ni kama sekunde 18. Lakini hiyo ni sheria ya zamani ya kamera zenye pikseli chache. Anga linazunguka digrii 15 kwa saa na zile nyota zinazopita utosini kwetu ndo zenye mwendo mkubwa kuliko zote, sababu tuko ikweta. Punguza theluthi. Kwa 18 piga sekunde 13 au 10, kwa 14 kwenye sensa kubwa piga 20.

Piga moja ya majaribio, ivute mpaka mwisho kwenye kioo. Umefaulu ikiwa nyota ni kidoti na sio punje ya mchele, na mlima wa histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye kioo) umeachana na ukuta wa kushoto.

## Hatua ya 4: Fokasi

Washa kioo cha moja kwa moja (live view), elekeza nyota kali, vuta mara kumi, zungusha pete ya fokasi taratibu mpaka nyota iwe ndogo kabisa kuliko ilivyoweza kuwa. Pita kidogo, rudi. Kama kamera haioni nyota yoyote tumia taa ya mbali, ukiwa Shela taa za ng'ambo Manda zinatosha. Ukishapata weka lenzi kwenye fokasi ya mkono na ibandike selotepu pete isisogee. Usiiamini ile alama ya mbali kabisa iliyochorwa kwenye lenzi, lenzi nyingi zinapita hapo.

## Hatua ya 5: Piga fremu za anga

Zima taa zote, hata simu. Kasa wanataga kwenye fukwe zetu na mwanga mweupe unawavuruga, ukihitaji kuona washa nyekundu, na iwe chini.

Weka taima: fremu 20, pumziko la sekunde 1 au 2 kati ya fremu na fremu, kiasi cha kamera kuandika faili. Bonyeza, ondoa mkono, simama mbali na tripodi maana ukitembea karibu mchanga unabonyea.

Fremu 20 za sekunde 13 ni dakika tano kasorobo hivi. Anga linakuwa limesogea digrii moja na robo. Hii ndo ile sababu ya pili ya kutozidisha. Ukipiga fremu 60 anga limehama zaidi ya digrii tatu, nyota za pembeni zinapindishwa na lenzi pana kiasi kwamba hazilali tena juu ya zenzake, na ule ukanda wa juu kidogo ya upeo unakuwa mchafu sababu kwenye fremu nyingine ulikuwa umefichwa na kilima. Watu wanadhani nyingi ndo bora. Dakika tano safi zinashinda dakika ishirini zenye fujo.

Mtu akipita na kurunzi katikati, usisimamishe. Acha iendelee, utaitoa hiyo fremu baadae. Piga mbili tatu za ziada mwishoni.

## Hatua ya 6: Picha za giza, palepale

Funika lenzi kwa kifuniko chake, funika na kitambaa juu, alafu piga fremu 10 kwa ISO ileile na sekunde zilezile. Zitatoka nyeusi, ndo zinavyotakiwa.

Wengi wanaruka hatua hii wakisema haina maana. Kwa nchi zenye baridi labda. Huku usiku bado ni joto, sensa inapata moto na kila joto likipanda kama digrii 6 hivi zile chenga za joto zinakaribia kuwa mara mbili. Zinatokea pikseli moto, vidoti vyekundu na vya bluu ambavyo HAVIRUKIRUKI, viko palepale kila fremu. Na kumbuka tulisema kurundika kunabakisha kile kilicho palepale. Kwenye anga vinaburutwa kuwa vimstari kwasababu programu inasogeza fremu kufuata nyota, na kwenye nchi hatusogezi kitu, kwahiyo ubavu wa dau utabaki na vidoti vyote. Picha za giza zinaiambia programu vidoti viko wapi ivitoe.

Lazima upige palepale kamera ikiwa na joto lilelile. Ukipiga nyumbani kesho yake chini ya feni, joto ni lingine na hazilingani.

## Hatua ya 7: Nchi, ikiwa bado nyeusi mno

Mwezi ukiwa haupo dau linaweza kuwa kivuli tu. Bila kusogeza chochote, piga fremu 4 za ziada za dakika 2 kwa ISO 1600. Hapa nyota zitachora mistari, usijali, tunachukua nchi tu. Picha za giza za hizi nazo ukiweza piga mbili.

Kumulika dau kwa kurunzi sishauri, linatoka kama limepigwa flashi na mwanga hauwi sawa fremu kwa fremu.

## Hatua ya 8: Safisha kabla ya kurundika

Hamisha faili, fungua folda tatu: anga, giza, nchi. Pitia za anga moja moja ukiwa umezivuta, toa yenye mtikisiko, yenye kurunzi, yenye wingu. Ndege na setilaiti acha, zitatoka zenyewe.

Usipunguze chenga na usiongeze ukali kwenye fremu moja moja. Nasisitiza hapa sababu nimeona watu wazoefu wakikosea. Ukipunguza chenga kabla, programu ya kuhariri inadhani nyota ndogo ni chenga na inazila, na kilichobaki ni mabaka ambayo hata rundo la mia haliyatoi. RAW iingie kama ilivyotoka kwenye kadi.

## Hatua ya 9: Rundika

Kwenye Sequator:

1. Bonyeza mara mbili "Star images" uchague fremu za anga.
2. "Base image" chagua iliyo katikati, ya kumi kwa mfano. Nyota zote zitasogezwa kufuata hiyo, ukichagua ya kwanza safari ya ile ya ishirini inakuwa ndefu bure.
3. "Noise images" weka zile za giza.
4. "Output" ipe jina, iwe TIFF. Kwa kamera ya megapikseli 24 faili inafika kama MB 144, hakikisha diski ina nafasi.
5. "Composition" chagua "Freeze ground". Hiki ndo kitufe cha mwongozo mzima. Kinaiambia programu isogeze anga iache nchi.
6. "Sky region" chagua maski ya kuchora kwa mkono, "Irregular mask", upake anga.
7. Washa "Remove dynamic noises" kwa ajili ya ndege na setilaiti. Mengine ya kung'arisha zima yote kwa sasa, uone kwanza rundo likoje.
8. Anza.

Sasa hiyo namba 6, ya kupaka anga, ndo yenye kazi. Programu haijui dau ni nini. Usipoionyesha anga liko wapi inaweza kuona taa za pwani, vidoti vya mwanga kwenye maji, ikadhani ni nyota na ikalinganisha hizo, na hizo hazitembei. Hapo ndo unapata nyota za vimstari. Ukipaka anga ukavuka ukaingia kwenye dau, ile sehemu ya dau inatembea na nyota na unapata omo mbili.

Paka kwa brashi kubwa sehemu yote ya juu, alafu punguza brashi ufuate mstari wa kilima na ubavu wa dau. Ukiwa na shaka, baki upande wa anga, usiguse dau, nyota chache karibu na ukingo kupotea si neno. Mlingoti na foromali (ule mti unaoshika tanga) ni vyembamba, vinapita katikati ya anga, huwezi kuvizunguka vizuri. Mimi mlingoti naupaka pamoja na anga kisha naurudisha baadae kutoka fremu moja, kama hivi: fungua rundo na ile fremu ya katikati kwenye Photoshop au GIMP kama leya (tabaka) mbili, fremu ikiwa juu, ifiche yote kwa maski nyeusi, alafu paka nyeupe kwa brashi nyembamba juu ya mlingoti tu. Chenga za mlingoti hazionekani sababu wenyewe ni mweusi na mwembamba.

Wa Siril: tengeneza marundo mawili. La kwanza linganisha kwa nyota kisha rundika, anga litakuwa safi na nchi imevurugika. La pili rundika fremu zilezile bila kulinganisha, nchi safi na nyota vimstari. Yafungue yote kwenye GIMP leya juu ya leya, uchore maski kwenye mstari wa upeo. Kazi zaidi lakini unaona kwa macho nini kinatokea, na mtu akishaifanya mara moja kwa mkono hasumbuki tena na programu yoyote.

Kama ulipiga zile nne za nchi, zirundike peke yake bila kulinganisha na uzitie badala ya nchi ya rundo.

## Hatua ya 10: Kagua ndo ung'arishe

Weka fremu moja na rundo bega kwa bega, zote asilimia mia, utazame sehemu tatu.

Kwanza ubavu wa dau ulio kivulini. Kwenye fremu moja utaona punje za zambarau kama upele, huwezi kujua ubao unaanza wapi. Kwenye rundo utaona mstari kati ya ubao na ubao, na jicho la omo linaonekana duara lake. Hapo umefaulu.

Pili nyota za kona. Zikiwa vidoti au zimevimba kidogo sawa. Zikiwa mbilimbili, fremu zako zimekaa mda mrefu mno, rudia kwa kutumia zile 10 za katikati tu.

Tatu mstari wa upeo. Ukiona ukanda wa giza au wa ukungu unaofuata kilima, maski imeingia kwenye nchi. Rudi uirekebishe, dakika tano tu.

Ukiona vidoti vyekundu kwenye mchanga, picha za giza hazikuingia au zina sekunde tofauti. Na ukiona mistari mifupi ya rangi angani yote ikielekea upande mmoja, hizo ni pikseli moto zilizoburutwa, dawa yake ni hizohizo picha za giza.

Baada ya hapo ndo unyanyue mwanga, uongeze utofauti, utoe rangi ya machungwa ya taa za mji ikiwa ipo upande wa Lamu. Sasa picha itavumilia. Fremu moja ukiinyanyua vituo viwili (mwanga mara nne) inachanika, rundo la 16 unainyanyua na anga linabaki laini. Kipunguza chenga kama bado unakitaka kitumie sasa, kidogo, kwenye nchi tu.

Hifadhi TIFF na zile RAW zote, usifute. Nina fremu za Agosti nilizorundika mara tatu kila nilipojifunza kuchora maski vizuri zaidi, na ile ya tatu ndo niliyompelekea nahodha mwenye dau, akaitazama mda mrefu alafu akaonyesha kwa kidole ubao wa nne kutoka juu, ule alioubadilisha mwaka huo.